Spana Namba Kumi na Tano

Siku ya tano ya msafara ilikuwa ya mapumziko, na Fundi aliianza kwa kununa.

Alikuwa uani mwa nyumba ya wageni, amekaa juu ya kreti la soda lililogeuzwa, baiskeli tatu zimepinduliwa mbele yake, magurudumu juu. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye kamba za nguo. Mlima waliokuwa wakiufuata tangu siku ya kwanza ulikuwa hapo hapo nyuma ya paa, ndivyo kila mtu alivyosema, lakini hakuna aliyekuwa amekwisha kuuona. Fundi wala hakujali. Alichokuwa akikitafuta yeye ni spana namba kumi na tano, ile nyembamba ya kufungulia pedeli, ambayo kwa miaka ishirini na mbili haikuwahi kulala nje ya sanduku lake.

Alimwaga sanduku lote chini. Akapanga spana moja moja juu ya gunia, kuanzia namba nane kwenda juu. Baada ya kumi na nne ikaja kumi na sita.

"Nani kagusa vitu vyangu?" akauliza, ingawa uani hapakuwa na mtu ila Dereva, aliyekuwa akifuta kioo cha gari kwa gazeti.

"Usinitazame mimi, ndugu yangu. Mimi gari langu halina pedeli za hivyo."

Ilipasa siku hiyo iwe nzuri. Waendesha baiskeli kumi na mmoja, watu wa makamo wengi wao, walikuwa wamepanda kutoka tambarare kwa siku nne, na mbili za mwisho zilikuwa kupanda tu, mpaka wengine wakafika wakisukuma baiskeli huku wameuma meno. Fundi yeye alikuwa nyuma ya gari la vifaa, amebanwa kati ya matairi na makopo ya grisi. Mkewe alikaa mbele pamoja na Dereva, sanduku la dawa magotini. Alikuwa muuguzi wa zahanati, na safari hii aliifanya kwenye likizo yake. Kwa kuwa alizaa mapacha, hakuna aliyemwita kwa jina tena. Hata wagonjwa walimwita Mama Pacha.

"Yeye anatibu magurudumu, mimi natibu magoti," aliwaambia wasafiri siku ya kwanza, na watu wakacheka sana. Fundi naye akacheka. Halafu jioni akamsikia mdogo wake akiurudia utani ule ule kwenye meza ya chakula, akimwigiza Mama Pacha mpaka mabega, na Mama Pacha mwenyewe akicheka hadi machozi yakamtoka. Hapo Fundi akaacha kucheka.

Mdogo wake huyo ndiye aliyekuwa kiongozi wa msafara. Walimwita Kengele, kwa sababu ya sauti yake: akiongea mwanzo wa barabara, anasikika mwisho. Walikuwa baba mmoja mama mmoja, wamepishana miaka kumi na moja, na mama yao alipofariki, Fundi ndiye aliyemchukua akamlea. Alimlea ndani ya karakana, kwenye chumba kimoja nyuma ya duka la saruji, wakilala kwenye godoro moja, fremu za baiskeli zikining'inia juu yao. Alipomwoa Mama Pacha, Kengele alikuwa na miaka kumi na nne, na bibi harusi alimkuta humo humo kama sehemu ya vyombo vya nyumbani.

Fundi ndiye aliyemfundisha kuendesha baiskeli, tena kwa njia aliyoibuni mwenyewe. Alifungua pedeli zote mbili, akashusha tandiko mpaka chini, akampeleka kwenye mteremko mdogo nyuma ya soko, akamwambia aachie miguu ining'inie. Bila pedeli mtu hana cha kuhangaika nacho ila kutokuanguka. Siku tatu tu, mtoto akawa anateremka mikono juu, anapiga kelele. Siku ya nne Fundi akamrudishia pedeli, na tangu hapo hakuna aliyemkamata.

Kengele akaja kuwa mshindani. Akashinda mbio moja kubwa, akaalikwa redioni. Siku hiyo Fundi alifunga kazi mapema, akawasha redio ya karakana, na wateja wawili wakabaki kusikiliza pamoja naye. Mtangazaji akauliza: "Na nani alikufundisha?" Sauti ya Kengele ikajibu, wazi kabisa, hata haikusita: "Nilijifundisha mwenyewe."

Mteja mmoja akakohoa. Fundi akachukua kitambaa akaanza kufuta mnyororo ambao ulikuwa tayari umefutwa. Miaka tisa ilipita tangu siku ile na hakuwahi kumtajia mtu, hata mkewe. Lakini donge lilimkaa kooni, na kila Kengele alipoingia mahali watu wakageuza shingo, donge lilipanda kidogo.

Ndiyo maana asubuhi ile, Kengele alipotokea uani amevaa kofia yake ngumu, akisugua viganja kwa baridi, Fundi hakuinua uso.

"Kaka, leo hakuna kazi bwana. Tunapanda wote. Kuna maporomoko, na juu yake kuna uwanda wa nyasi, ukungu ukipasuka unauona mlima mzima umekaa mbele yako. Twende."

"Na haya magurudumu atayanyoosha nani? Mlima?"

"Utayanyoosha jioni."

"Jioni mtataka nile chakula pamoja nanyi na nicheke utani."

Kengele akamtazama kidogo, akakuna kidevu, akaenda zake. Kisha akatoka Mama Pacha. Alikuwa amefunga kitambaa kichwani kwa namna ambayo Fundi hakuwahi kuiona, kimebana, fundo kwa nyuma, kama wanavyofunga wapanda baiskeli wanawake. Na alikuwa amevaa koti la rangi ya machungwa. Koti la Kengele.

"Utakuja?" akauliza.

"Nina kazi, mama. Hilo koti?"

"Nimeazimwa. Baridi."

"Nilikupa langu juzi kwenye gari."

"Lako linanuka grisi, baba pacha. Nililivaa nusu saa tu, nikaanza kuumwa kichwa." Alisema hivyo kwa upole, na akamgusa begani alipokuwa akipita. Lakini lango lilipofunguka Fundi alisikia kicheko chake kule nje, kile kicheko cha kuanzia tumboni. Alijaribu kukumbuka mara ya mwisho kicheko hicho kilisikika nyumbani kwake. Hakukumbuka.

Alifanya kazi saa moja na nusu. Gurudumu la kwanza lilinyooka. La pili likagoma: alikaza spoku huku, ringi ikavimba kule. Mikono ilikuwa pale, moyo ulikuwa umeshapanda mlima, unawatazama. Aliwaona wamekaa juu ya jiwe. Aliona koti lile. Aliona Kengele akimmiminia chai kwenye kifuniko cha chupa, yeye wa kwanza, kama alivyofanya siku zote nne: "Shemeji kwanza, wengine foleni." Wasafiri walipenda kusikia hivyo. Hata Fundi, kama ingekuwa nyumba ya mtu mwingine, angependa.

Baiskeli ya tatu ilihitaji kufunguliwa pedeli ya kulia iliyopinda. Akanyoosha mkono kwenye sanduku bila kufikiri, na mkono ukarudi mtupu.

"Basi," akasema. Akasimama. "Nakwenda kuitafuta spana yangu."

Dereva alishusha gazeti. "Juu huko?"

"Walioko huku chini si sisi wawili? Wewe umesema huna. Mimi sina. Basi iko juu."

"Sawa. Yaani spana namba kumi na tano ndiyo inayokupandisha mlima."

"Ndiyo."

"Haya. Ukiiona, uisalimie."

Alichukua baiskeli ya kwanza, ile aliyoinyoosha, akaondoka. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na saba na kitambi cha mtu anayekaa kutwa juu ya kreti. Alijua baiskeli kuliko mtu yeyote katika msafara ule, lakini kujua na kupanda ni vitu viwili, na kona ya tatu tu ya njia ya msituni ilitosha kumwonyesha. Misonobari ilisimama pande zote mbili, mistari iliyonyooka, na ukungu ukipita katikati yake kama moshi wa jiko bichi. Maji yalikuwa yakishuka mahali fulani. Ndege mmoja alikuwa akilia sauti ya mlango usiotiwa mafuta. Yote hayo Fundi aliyapita kichwa chini, akihesabu pumzi, na kila pumzi ilikuja na picha yake. Walizoeana tangu zamani, hao. Huyo mtoto ameoga kwenye beseni la Mama Pacha, amekula mkononi mwake. Leo ni mwanamume wa miaka thelathini na sita, hajaoa, kila mji ana watu wa kumpungia mkono. Na kwa nini hajaoa?

Alipofika hapo katika mawazo, aliona aibu mwenyewe, akateremka akasukuma.

Kwenye maporomoko aliwakuta wasafiri wote. Maji yalikuwa yanaanguka kutoka juu sana, meupe, yanagonga mwamba na kurusha rasharasha mpaka njiani. Watu walikuwa wanapiga picha, wamelowa, wana furaha. Mwalimu, mama mstaafu wa miaka sitini na mitatu na mkubwa wao wote, alikuwa amekaa juu ya koti lake la mvua anamenya yai la kuchemsha. Yeye ndiye mwenye baiskeli ya mtindo wa zamani, isiyo na bomba la juu, ambayo mtu anaweza kuipanda hata akiwa na sketi. Baiskeli hiyo haikuwa naye.

"Fundi! Umekuja!" Mwalimu alifurahi kwa dhati. "Kaa ule yai."

"Baiskeli yako iko wapi, Mwalimu?"

"Nimemwazima mkeo. Wako kule juu, ng'ambo ya daraja la magogo, yeye na Kengele. Sisi tumekatazwa kwenda kuangalia." Akacheka, akaweka kidole mdomoni kama mtoto. "Siri yao."

Siri yao. Wivu ulikuwa umemtafuna polepole tangu asubuhi. Sasa ukammeza mzima. Alisema asante kwa yai ambalo hakulichukua, akaiegemeza baiskeli kwenye mti, akavuka daraja kwa miguu. Chini ya magogo maji yalikuwa yanakimbia kijani na povu, na wakati mwingine wowote angesimama ayatazame.

Juu, msitu uliisha ghafla. Pakawa na uwanda wa nyasi fupi, umeinama kidogo kama meza yenye mguu mmoja mfupi, na ukungu umeukatia mwisho wake, usijue unaishia wapi. Kitu cha kwanza alichokiona kilikuwa juu ya jiwe, karibu na miguu yake: pedeli mbili, zimelazwa ubavu kwa ubavu juu ya kitambaa. Na kando ya pedeli, spana yake.

Kitu cha pili kilikuwa ni koti la machungwa likiteremka kwenye nyasi. Mama Pacha alikuwa amekaa juu ya baiskeli ya Mwalimu, tandiko limeshushwa mpaka chini, miguu yake ikining'inia huku na huku, mdomo wazi. Kengele alikuwa akikimbia pembeni, mkono mmoja umeshika nyuma ya tandiko, mwingine uko hewani nyuma ya mgongo wa Mama Pacha, haumgusi, unamngoja tu kama ataanguka. Anakimbia hivyo hivyo kama Fundi alivyokimbia nyuma ya soko miaka ile, na anasema maneno yale yale. "Iachie miguu! Iachie! Haina kazi hiyo miguu!"

Fundi alisimama. Alikuwa amepanda mlima akitarajia kuona jambo la kumpa haki ya kukasirika. Alichokiona hakikuwa hicho, na kilimuuma zaidi. Miaka ishirini na mbili alikuwa na mke na karakana, na hakuwahi kufanya hivi. Mtu mwingine alikuwa akifanya, kwa njia yake yeye, na kwa spana yake.

Angeweza kurudi kimya. Badala yake alipiga kelele.

"Spana yangu inafanya nini huku?"

Ilikuwa sauti kubwa mno kwa mahali pale. Mama Pacha aligeuza kichwa, usukani ukafuata kichwa, na baiskeli ikalala chini naye akiwa juu yake. Kengele alimkimbilia. Fundi naye akakimbia, na wakafika pamoja, wakainama pamoja, wakagongana vichwa.

"Tokeni hapa, wote wawili," akasema Mama Pacha. Akaketi. Kiwiko kilikuwa kimechubuka, damu inachungulia. Alikitazama kwa macho ya kazi. "Hakuna kitu. Nimeona vibaya zaidi wiki hii."

"Ulichukua spana bila kuniuliza," Fundi alisema. Alijisikia mpumbavu hata kabla sentensi haijaisha.

"Ningekuuliza ungetaka kujua ya nini."

"Ndiyo, ningetaka!"

"Na ningekwambia, ungecheka." Alikuwa anafungua mfuko wa koti, akatoa pamba. Hakupandisha sauti. "Nimekuomba mara tatu unifundishe. Umesahau? Mara ya kwanza tulikuwa tumeoana miezi sita. Ukasema nitaumia. Mara ya pili mapacha wako darasa la pili, nikahamishiwa zahanati ya mbali, natembea saa nzima kwenda na saa nzima kurudi. Ukasema ukipata nafasi. Mara ya tatu ni mwaka juzi. Ulikuwa na watu pale karakana. Ukasema, 'Mama, umri huo umeshapita,' na wale wanaume wakacheka, na wewe ukacheka nao."

Fundi alikumbuka ile ya tatu. Zile mbili hakuzikumbuka, na hilo lilimtisha.

"Huyu nilimwomba mara moja," Mama Pacha akaendelea, akisukuma kidevu upande wa Kengele. "Juzi kwenye gari la vifaa. Akasema keshokutwa."

Kama Fundi angekuwa mtu mwenye busara saa hiyo angesema samahani. Lakini wivu hauna adabu, na donge la miaka tisa lilichagua wakati huo huo kutoka. Alimgeukia mdogo wake.

"Na wewe hukumwambia hii njia umeitoa wapi. Au hata hii ulijifundisha mwenyewe? Kama ulivyosema redioni?"

Ukungu ulipita katikati yao. Kengele akasema, kwa sauti ndogo ambayo Fundi hakuijua: "Ulisikia."

"Redio ilikuwa mezani kwangu."

"Nilijua utasikia. Nilirudi nyumbani siku ile nikiogopa. Ukanipakulia chakula, ukaniuliza kuhusu breki. Nikasema labda hakusikia. Wiki ikapita, mwezi ukapita."

"Kwa nini ulisema vile?"

"Nilikuwa na miaka ishirini na saba. Wenzangu wote wana makocha, wana suti za rangi moja. Mimi niseme nimefundishwa na fundi nyuma ya soko? Nilitaka nionekane nimetoka peke yangu." Alivuta kofia ikamfunika macho. "Na wewe kwa nini hukuniuliza? Miaka tisa, kaka! Unaninunia miaka tisa, mimi nadhani ndiyo sura yako!"

Akageuka akaenda zake, mikono mifukoni, mpaka kwenye mstari wa miti. Pale akasimama akiwapa mgongo. Alikuwa na hasira naye, na Fundi aliona kwamba alikuwa na haki nayo.

Mama Pacha, wakati huo, alikuwa amesimama. Alikwenda kwenye jiwe, akachukua pedeli na spana, akarudi, akapiga magoti kando ya baiskeli. Hakumwomba mtu. Pedeli ya kulia iliingia vizuri. Aliizungusha kwa vidole, akaikaza kwa spana, uso umekunjamana kama anadunga sindano mshipa mgumu. Ya kushoto ikakataa. Alijaribu, akaitoa, akajaribu tena. Uzi ulikuwa unaanza kuliwa, Fundi alisikia kwa masikio, na kila mkwaruzo ulimpitia kwenye meno.

Alijikaza kisabuni asiseme. Akashindwa.

"Ya kushoto inakazwa kinyume," akasema.

"Kinyume vipi?"

"Zungusha kama unafungua. Ndiyo unafunga."

"Kwa nini?"

"Ingefungwa kama ile nyingine, ungekanyaga barabarani huku inajifungua yenyewe."

Alijaribu. Ikaingia, laini, mpaka mwisho. Mama Pacha alisema "Aa," kama mtu aliyeelezwa jambo la maana, lakini hakumshukuru wala hakumtazama. Akapandisha tandiko kidogo, akapanda.

"Nikushike?" akauliza Fundi.

"Usinishike."

Akasukuma chini kwa mguu mmoja. Baiskeli iliyumba kushoto, ikayumba kulia, mguu wa pili ukaitafuta pedeli ukaikosa, ukaitafuta ukaipata. Akaenda. Hakwenda kwa mstari, alikwenda kama mtu anayesoma barua anatembea, lakini alikwenda, na mteremko ukampokea. Koti la machungwa likawa dogo. Likafika pale ukungu ulipoukatia uwanda, likaingia, likapotea.

Hapakuwa na sauti. Fundi alingoja kusikia mshindo. Kisha akakumbuka kwamba hajui uwanda ule unaishia wapi.

"Kengele!" akaita. "Kule mwisho kuna nini?"

Mdogo wake alikuwa ameshaanza kukimbia. "Genge!" akajibu.

Walikimbia. Fundi hakuwa amekimbia hivyo tangu mapacha walipojifunza kutembea. Nyasi zilikuwa na umande, viatu vyake vya karakana vikateleza, akaanguka mikono mbele, akainuka. Alikuwa anaita jina la mkewe, lile la usichana ambalo hakulitumia miaka mingi. Ukungu ulimwingia mdomoni.

Halafu ukaisha. Walitokea upande wa pili wake, juani, na Mama Pacha alikuwa amesimama hapo, hatua thelathini kutoka kwenye ukingo, baiskeli imelala pembeni. Alikuwa ameisimamisha kwa breki, kwa miguu, na kwa ubavu. Soli moja ya kiatu ilikuwa imebanduka. Hakugeuka walipofika wakihema. Alikuwa anautazama mlima.

Ulikuwa mbele yao kabisa. Fundi alikuwa ameutarajia uwe mbali na mdogo, kama kwenye kalenda. Ulianzia chini sana, bondeni, kwenye mashamba madogo kama viraka, ukapanda msitu mweusi, ukapanda mawe, na juu ya mawe kulikuwa na theluji, na juu ya theluji hapakuwa na kitu tena. Kivuli cha wingu moja kilikuwa kinatambaa kwenye ubavu wake polepole. Fundi alisimama na magoti yaliyotapakaa matope, moyo ukimdunda, na akajua kwa mara ya kwanza tangu waondoke kwamba alikuwa safarini.

Alimtazama mkewe kwa jicho la pembeni. Alikuwa na machozi, na alikuwa akitabasamu. Wivu ukamrudia, lakini safari hii haukuwa juu ya mdogo wake. Mama Pacha aliuona mlima kabla yao, peke yake, kwa dakika moja au mbili, akiwa amefika kwa miguu yake mwenyewe juu ya magurudumu mawili. Na dakika hizo hakuna atakayempa Fundi sehemu yake.

"Ulikuwaje ulipofunguka?" akamuuliza taratibu.

Mama Pacha alifikiri. "Siwezi kukueleza," akasema. Hakulisema kwa ukali. Ilikuwa kweli tu.

Waliteremka pamoja, watatu, wakisukuma baiskeli kwa zamu, kwa sababu njia ya mawe haikuwa ya mwanafunzi wa siku moja. Kengele alitangulia. Karibu na daraja alipunguza mwendo mpaka Fundi akamfikia, na wakatembea bega kwa bega. Kisha Kengele akasema, "Samahani, kaka," na Fundi akasema, "Na mimi," na kwa kuwa wote wawili hawakujua kinachofuata baada ya maneno hayo, wakaanza kubishana kuhusu tairi za siku ya sita, zipigwe pumzi kiasi gani.

Itakuwa uongo kusema mambo yote yalinyooka. Jioni ile mezani Kengele alimwigiza Mama Pacha akianguka, watu wakavunjika mbavu, na Fundi akahisi donge likisogea tena kooni, dogo zaidi, lakini lipo. Usiku alipomwambia mkewe samahani, Mama Pacha alisema amesikia, na akageukia ukutani. Ilichukua majuma kadhaa baada ya kurudi nyumbani kabla hajacheka tena kile kicheko cha tumboni, na siku hiyo chenyewe kilikuwa kwa sababu Fundi alikalia kopo la gundi.

Fundi aliahidi kumtengenezea baiskeli, ya mtindo wa ile ya Mwalimu. Mama Pacha hakungoja. Aliinunua mwenyewe, kwa fundi mwingine, upande wa pili wa mji, na ilikuwa na ringi za bati na breki za kusikitisha. Fundi aliizunguka mara mbili uani kwao, mikono nyuma, midomo imebana.

"Sema tu," akasema Mama Pacha.

"Nzuri," akasema Fundi. Ilimgharimu jasho.

Sasa kila asubuhi, saa moja kasorobo, muuguzi anapita mbele ya karakana akielekea zahanati. Pamoja naye wanapita wauguzi wawili aliowafundisha yeye, kwenye uwanja nyuma ya wodi, kwa pedeli zilizofunguliwa. Wanazungumza mambo yao, na aghalabu wanacheka. Fundi huacha anachokifanya akasimama mlangoni na kitambaa mkononi, akiwatazama. Kama hajachelewa, mkewe humpungia mkono mmoja, na baiskeli inayumba kidogo. Akichelewa, hapungi. Siku hizo Fundi huwatazama mpaka wanapokata kona, roho inamuuma kidogo, kisha anarudi ndani kuendelea na kazi.